Damu Yako Ni 9: Maswali ya Wajawazito Kuhusu Upungufu wa Damu

Kliniki wameniambia damu ni 9. Tisa ya nini?

Gramu 9 za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na hapo hakuna kujitibu nyumbani. Kwa hiyo 9 si ya kukuliza, wala si ya kuiacha ijipandishe yenyewe.

Mbona sijisikii mgonjwa?

Damu ikipungua polepole, mwili huzoea. Uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio wengi huvisingizia mimba. Kuangalia weupe wa viganja na ndani ya kope husaidia, ila hakushindi kipimo. Kuna dalili moja wanawake huionea haya: hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu. Mwambie muuguzi, hatashangaa. Udongo wa sokoni hauongezi damu; hukwamisha madini ya chuma yasifyonzwe, na unaweza kukuletea minyoo.

Damu imekwenda wapi?

Laiti swali hili lingeulizwa kabla ya lile la "ninywe nini". Katika ujauzito maji ya damu huongezeka haraka kuliko seli nyekundu, hivyo kipimo hushuka kidogo hata kwa mwenye afya. Mtoto naye anachukua chuma chake. Juu ya hayo, malaria huvunja seli nyekundu, na minyoo ya safura hung'ang'ania utumbo ikinyonya damu. Aliyekuwa na hedhi nzito, au anayezaa mfululizo, huanza mimba akiba ya chuma ikiwa imekwisha. Ndiyo maana kliniki wanakupa chandarua, SP (vidonge vya kukinga malaria) na dawa ya minyoo (hizi mbili baada ya miezi mitatu ya kwanza). Ukizikwepa, unaongeza damu huku inavuja. Mwenye selimundu (sickle cell) ana maelezo yake tofauti: seli zake huvunjika mapema, na asianze vidonge vya chuma kabla ya kuonana na daktari.

Juisi ya rosela na bitiruti je?

Kunywa ukipenda, lakini wekundu wa juisi haugeuki damu. Chuma kinachofyonzwa vizuri kimo kwenye nyama, samaki na dagaa. Maini yana chuma kingi, lakini pia vitamini A nyingi mno kwa mjamzito, kwa hiyo usiyafanye kitoweo cha kila siku. Chuma cha maharage, mchicha na matembele hufyonzwa kidogo. Kamulia limau au kula chungwa, pera ama embe pamoja nacho. Chai, ya rangi na ya maziwa, isogeze mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Najua ugumu wake kwa tuliolelewa na chai mezani.

Vidonge vinanichefua. Niache?

Usiviache kimyakimya. Jaribu kuvimeza usiku baada ya kula kidogo, kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Choo cheusi ni kawaida. Kikiwa kigumu, zidisha maji, mboga na papai. Ukishindwa kabisa, rudi ubadilishiwe. Kipimo huanza kupanda baada ya wiki chache, lakini kikifika 11 endelea kumeza kama ulivyoelekezwa, kwa sababu akiba bado haijajaa.

Nisisubiri tarehe ya kliniki lini?

Ukihema ukiwa umekaa tu, ukizimia, ukipata homa, au ukitokwa damu hata kidogo. Nenda siku hiyohiyo.

Mwanangu wa miaka mitatu naye amepauka. Nimgawie vidonge vyangu?

Hapana, usimpe hata nusu. Chuma cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto mdogo, na vidonge vingine vinafanana na peremende. Viweke asipofikia, naye umpeleke akapimwe.