Nairobi hadi New York: Je, kwenda ni haraka kuliko kurudi?

Watu wengi wanaamini ndege ikielekea magharibi inafika haraka kwa vile dunia inazunguka kwenda mashariki, yaani New York inakuja yenyewe huku ndege iko hewani. Na ukiangalia saa kweli inaonekana hivyo. Chukulia mwezi wa Julai unatoka Nairobi saa sita usiku, unashuka New York saa mbili asubuhi, unahesabu masaa 8 tu, kumbe umekaa kwenye siti masaa kama 15, ni vile New York iko nyuma yetu kwa masaa 7 (Januari inakuwa 8). Ukirudi, saa inakuonyesha kama 21 na hewani ulikuwa 14 hivi. Lazima mtu achanganyikiwe!

Umbali ni ule ule, kama kilomita 11,800. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hiyo hewa, kwa hiyo mzunguko hausogezi uwanja karibu. Kinachobadilisha muda ni upepo mkali wa juu sana unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, saa zingine unapita kilomita 200 kwa saa, ukienda unakupinga ukirudi unakusukuma.

Kuhakikisha ni rahisi, chukua saa halisi ndege ilizoondoka na kufika, kwenda na kurudi, geuza saa zote ziwe za Nairobi halafu toa. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, maana upepo haulingani kila siku.