Eti ukisamehe lazima ufute kesi

Wiki iliyopita tena. Mama wa watu kaja kukaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, macho yamevimba. Mumewe aliuawa mwaka juzi kwa ugomvi wa kiwanja na aliyemuua ni mdogo wake wa tumbo moja, yaani shemeji yake huyu mama, mtu aliyekuwa anakula kwake kila Jumapili. (Nimebadilisha vitu kadhaa hapo asijulikane, kwa hiyo usianze kuhisi ni jirani yako.) Sasa ukweni wamekaa kikao, wakwe, mawifi, na mzee mmoja wa kanisa kaalikwa, wakamwambia tumeshampoteza mmoja hatutaki kumpoteza wa pili, wewe si umeokoka, samehe basi, siku ya ushahidi usitokee. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, nisipofuta kesi Mungu atanisikia kweli nikiomba?"

Mi nina miaka 14 kwenye hii kazi ya ushauri nasaha, nakaa na waliofiwa kwa ajali, kwa ujambazi, kwa mkono wa ndugu, Wakristo kwa Waislamu, na hilo swali nimelisikia kwa sura zote mpaka sasa hivi likianza tu tumbo linanivuruga. Leo naandika, wa kukasirika akasirike.

Dhana yenyewe iko hivi: kusamehe ni kufuta kesi, ni kurudiana, ni kukaa sahani moja, ni kumpigia simu Idi na Krismasi, na kama hujafanya hayo basi bado una kinyongo na dua zako zinagonga dari. Uongo mtupu. Watu wamechukua vitu vitatu tofauti wakavitia chungu kimoja wakakoroga.

Kusamehe ni jambo lako wewe na Mungu wako, kwamba kisasi nakiachia, sitamtafuta nimfanye alivyonifanya, na ukijaliwa siku moja hata ule moto wa kifuani unapoa. Unaweza kulifanya jambo hilo huku mhusika hajui, hajaomba, hata kama ameshakufa. Kupatana ni kitu kingine, hicho kinahitaji watu wawili, na yule wa pili akiri, asijitetee, abadilike kwa vitendo, na wewe uwe salama ukiwa karibu yake. Haki nayo ni habari ya tatu, siyo mali yako peke yako. Hapa kwetu kesi ya mauaji mlalamikaji ni Jamhuri, siyo mjane, wewe ni shahidi tu, kwa hiyo hata ukienda polisi ukapiga magoti huna faili la kufuta. Wanachokuomba ukweni kwa kweli siyo msamaha, wanakuomba ukae kimya, na kukaa kimya wamekuvalisha kanzu ya dini.

Na hapo ndo panaponiuma, kwa sababu dini zenyewe hazisemi hivyo! Hebu tuanze na Waislamu maana kuna kisa huwa nashangaa watu hawakitaji misibani. Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume, kwenye vita vya Uhud. Baadaye Wahshi akasilimu, akaja kwa Mtume (s.a.w.), akapokelewa, hakuna aliyemgusa. Lakini Mtume akamuuliza, je, unaweza kuniepushia uso wako? Yaani nimekupokea ila kukuona kunaniuma. Kisa kipo kwenye Sahihi Bukhari, siyo cha kutunga mimi. Sasa niambie, wewe mwenye kikao cha ukoo una imani kuliko Mtume mpaka umlazimishe mjane kumpikia chai aliyemuua mumewe? Na ile aya ya Al-Baqara 178 inayozungumzia kisasi na msamaha, inampa nafasi ya kusamehe ndugu wa aliyeuawa, kama hiari, yake yeye. Haijampa wifi.

Kwa Wakristo kuna Yusufu, kila mtu anamtaja kwamba aliwasamehe kaka zake, ni kweli aliwasamehe, ila soma Mwanzo kuanzia sura ya 42 polepole. Alipowaona hakuwakimbilia kuwakumbatia. Alizungumza nao kwa ukali, akamfunga Simeoni, akawarudisha nyumbani wakamlete Benyamini, akaficha kikombe kwenye gunia la Benyamini aone watafanya nini, na ni pale Yuda aliposema nichukueni mimi niwe mtumwa badala ya huyu kijana ndipo Yusufu akalia na kujitambulisha. Alikuwa anawapima. Alitaka kujua kama ni walewale waliomuuza au wamekuwa watu wengine. Hakuna mhubiri wa msibani anayefika hapo, wote wanaruka moja kwa moja kwenye machozi na kukumbatiana.

Ukitaka ya karibuni, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi 13 Mei 1981, siku nne baadaye akiwa bado hospitalini akatangaza kumsamehe aliyempiga, Mehmet Ali Ağca, Desemba 1983 akaenda gerezani Roma kukaa naye na kuzungumza naye. Halafu Papa akatoka, Ağca akabaki ndani, mpaka mwaka 2000 ndipo rais wa Italia alimpa msamaha, na hata hapo akapelekwa Uturuki akaendelea na kifungo cha huko. Kule Christchurch, New Zealand, 15 Machi 2019 mtu aliingia misikitini Ijumaa akaua waumini 51. Farid Ahmed, mzee anayetumia kiti cha magurudumu, alimpoteza mkewe Husna, na akasema hadharani amemsamehe muuaji. Agosti 2020 muuaji akahukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa mapema, na sijamsikia mtu akisema kwa hiyo msamaha wa Farid ulikuwa feki. Hata Rwanda kwenye gacaca, zile mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, aliyekiri na kuomba radhi alipunguziwa adhabu, alipunguziwa, hakuambiwa nenda nyumbani hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo yule mama nilimwambia hivi, na hili nawaambia wote mpaka wenzangu ofisini wananicheka: kwenye kikao cha ukoo usitoe jibu. Jibu lako ni moja, "nimesikia, nipeni muda", unarudia hilohilo hata mara kumi kama kasuku, na usisaini karatasi yoyote ndani ya siku za msiba, iwe ya kiwanja, ya mirathi wala ya "makubaliano ya familia". Mtu aliyefiwa halali, hali, kichwa hakipo, halafu unamletea kalamu? Na nenda na mtu wako, dada, kaka, jirani, asiyekula chochote kutoka upande ule. Na kunywa uji asubuhi. Najua inaonekana ushauri wa kijinga lakini nimeona watu wanaanza kujadili msamaha wa Mungu na hawajatia kitu tumboni tangu juzi.

Haya, dhana nyingine za uongo ninazozisikia misibani nitazipitia haraka maana hasira zangu zote nimezimalizia hapo juu.

Kuna wale wa "mwenye imani anasamehe papo hapo". Mfano wao siku hizi ni kanisa la Emanuel kule Charleston, Marekani, watu 9 waliuawa kwenye somo la Biblia 17 Juni 2015 na siku mbili baadaye baadhi ya ndugu wakamwambia muuaji mbele ya hakimu tunakusamehe. Ni kweli, na video ile ilizunguka dunia nzima. Ila sema na nusu ya pili, kwamba wapo ndugu wa marehemu walewale waliosema wazi kuwa bado hawajafika huko. Immaculée Ilibagiza wa Rwanda, ambaye watu wanamtolea mfano kila semina, alijificha siku 91 kwenye choo kidogo nyumbani kwa mchungaji pamoja na wanawake wengine 7 mwaka 1994, na mwenyewe anasimulia kwamba akisali Baba Yetu alikuwa anauruka ule mstari wa "kama sisi tunavyowasamehe" kwa sababu aliona akiusema atakuwa anamdanganya Mungu. Huyo ndo shujaa wenu wa msamaha, aliuruka mstari! Yule Everett Worthington naye, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa ameshaanza kufundisha na kutafiti mambo ya kusamehe kabla mama yake hajauawa mwanzoni mwa 1996, anatenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Uamuzi unaweza kuufanya leo saa nne asubuhi. Hisia zinakuja kwa miguu, nyingine zinakuja zinachechemea, na zinaweza kurudi nyuma ukikutana tu na shati linalofanana na la marehemu pale Kariakoo. Kuna babu mmoja aliwahi kuniambia ile saba mara sabini yeye kaielewa kuwa siyo makosa 490, ni kosa lilelile moja unalolisamehe kila linapokurudia usiku. Sijui wanateolojia watasemaje, mi nimeichukua.

Halafu ile ya kulia. "Usilie, kazi ya Mungu haina makosa." Aisee. Huo usemi sina ugomvi nao ukisemwa na mfiwa mwenyewe, ni imani yake na inambeba, lakini ukisemwa na mtu aliyekuja na gari yake ataondoka saa kumi ni kumziba mwenzio mdomo. Nabii Yakubu kwenye Kurani alimlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe na hakuna anayesema hakuwa na subira. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, akaulizwa, akasema macho yanatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro na alikuwa anajua dakika chache zijazo Lazaro anatoka! Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini utanisahau. Ukimuuliza Mungu maswali makali maana yake bado unaongea naye, mimi wanaonitia wasiwasi ni wale walionyamaza kabisa, wanaosema sijambo namshukuru Mungu huku mikono inatetemeka. Na kama wewe ni wa kwenda kufariji, waige rafiki zake Ayubu, lakini zile siku 7 za kwanza tu, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndo wakaharibu, mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe akawakasirikia.

Hatua tano za majonzi, kukataa, hasira, kujadiliana, sonona, kukubali. Kila mtu kasoma kwenye simu na anakuja kuniuliza "mimi niko hatua ya ngapi?" kama vile ni daladala anataka kujua kituo. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alizieleza mwaka 1969 baada ya kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, wao wenyewe, siyo wafiwa. Baadaye ndo zikabandikwa kwa wafiwa. Watu wengine wanapita mbili, wengine zote kwa siku moja kabla ya chakula cha mchana, wengine hakuna hata moja. Usijipime nazo.

Arobaini nayo. Arobaini ni ya ndugu na majirani, ni siku ya kusoma dua au ibada na kula pilau na kugawana majukumu, siyo tarehe ya mwisho ya majonzi yako. Kwa uzoefu wangu kibaya zaidi kinaanza pale turubai likiondoka, viti vikirudi kwa mwenye kukodisha na simu zikikatika. Wakati huo ndo unatakiwa kumtembelea mtu, na hapo hakuna anayekuja kwa sababu mchango ulishatolewa. Ila kama miezi inapita na mtu bado hawezi kufanya kazi, hali, halali, au anasema afadhali angemfuata marehemu, basi hapo maombi yaendelee na hospitali aende, vyote viwili, wala siyo udhaifu wa imani. Yule wa "anataka kumfuata" usisubiri hata kesho.

Na mwisho hii ya kwamba lazima msiba wako uzae kitu. Uanzishe taasisi, uandike ushuhuda, usimame madhabahuni uwatie watu moyo. Wapo waliofanya hivyo kweli, wazazi wa Amy Biehl, binti wa Kimarekani aliyeuawa Cape Town 1993, waliunga mkono wauaji wapewe msamaha kwenye ile tume ya ukweli na maridhiano, na baadaye wawili kati ya wale vijana wakaja kufanya kazi kwenye taasisi yenye jina la binti yao. Nikisoma habari ile mwili unanisisimka mpaka leo. Lakini hao wazazi walichagua, hawakusukumwa na kamati. Wengine imani yao baada ya msiba inaishia kwenye kuweza kuswali alfajiri bila kukaa chini na kulia, au kuimba tena pambio moja, na hiyo siyo imani ndogo. Kuna dada alikaa mwaka mzima haendi kanisani, anakaa tu nje getini anasikiliza kwaya kisha anarudi nyumbani, mchungaji wake akawa na akili, hakumsema hata siku moja, alimwekea benchi pale nje.

Yule mama wa kiwanja anatoa ushahidi mwezi ujao. Kaniambia mfungo wake wote wa mwaka huu amemuombea shemeji yake, kila siku, na bado atasema alichokiona. Alichotaka kujua kwangu ni avae nini. Nikamwambia viatu visivyobana na chupa ya maji, maana lile benchi la mahakamani utalikalia toka asubuhi na unaweza usiitwe mpaka saa nane.