Kupiga picha za macheo makorongoni Kondoa, Tanzania: dhana na ukweli

"Picha huanza jua likichomoza." Hapo umeshachelewa. Mawingu hushika rangi kali dakika 10 hadi 20 kabla jua halijatokeza. Huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, digrii moja kila dakika nne hivi, kwa hiyo wekundu haukawii kuisha. Novemba jua huchomoza saa 12 na dakika 10 hivi, Julai karibu saa 1 kasorobo. Kamera iwe kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu) dakika 40 kabla.

"Jua likitoka, korongo lote linawaka." Huwaka ukingo wa juu wa magharibi tu. Ukisimama chini, mita 20 kutoka ukuta wa mashariki wenye kimo cha mita 10, ukuta huo utakukinga jua kwa zaidi ya saa moja na nusu. Anza juu ukingoni, kisha ushuke. Chini kuna uzuri wake: udongo mwekundu uliopigwa na jua huurudisha mwanga kwenye ukuta ulio kivulini. Hapo mpangilio wa rangi wa automatiki (white balance, WB) huharibu, maana kamera huuona wekundu kama kasoro na kuupooza. Kwenye mpangilio huo weka alama ya jua, kisha ISO 100 (unyeti wa kamera kwa mwanga), f/8 au f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi), na faili la RAW (picha ghafi). Piga tatu bila kugusa tripodi: ya kawaida, ya stopu mbili chini (nyeusi zaidi), ya stopu mbili juu (nyeupe zaidi; kila stopu huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), uziunganishe baadaye. Ukiwa na nafasi ya moja tu, linda anga. Kivuli hufufuka, anga lililoungua, yaani lililokuwa jeupe tupu kwa mwanga kuzidi, halirudi.

"Mawingu yametanda, turudi kulala." Anga tupu la kiangazi ndilo lenye rangi chache. Tazama upeo wa mashariki, si utosini: kukiwa na upenyo pale na mawingu mepesi juu, subiri.

"Hapa hakuna mvua, korongo ni salama." Dhana hii inaua. Kati ya Desemba na Aprili mvua ikinyesha vilimani, ardhi iliyomomonyoka hainywi maji. Yote hushuka kwenye mito ya mchanga, ile inayokauka kiangazi, hata kama kichwani kwako kuna nyota. Ukiona radi upande wa juu wa mto, maji yamegeuka tope, vijiti vinaelea au kuna ngurumo isiyokoma, panda juu mara moja. Tripodi itanunuliwa nyingine. Gari lisiegeshwe mchangani. Ukingoni nako, maji huwa yameshakula udongo kwa chini, hivyo kaa angalau mita 2 nyuma, na ukiona ufa usivuke.

"Upepo ukivuma, ning'iniza begi kwenye tripodi." Begi linalobembea huitikisa kamera. Liguse ardhi kidogo, na usivute juu nguzo ya katikati ya tripodi. Lenzi ibadilishwe ukiupa upepo mgongo, mdomo wa kamera ukitazama chini. Mchanga ukiingia kwenye kioo cha lenzi usikimbilie kitambaa, kitakwaruza kama msasa. Puliza kwanza kwa kipulizo cha mpira, ndipo ufute.