Kuwepo kwa binadamu kwenye kitufe hakutoshi

Wengi husema akili mnemba jeshini haina hatari mradi anayebonyeza kitufe ni binadamu. Si kweli. Mara nyingi mashine huwa imeshachagua shabaha kabla kidole hakijafika.

Machi 2003, katika vita vya Iraki, mtambo wa Patriot wa Marekani, unaotungua ndege na makombora, uliidhania ndege ya Uingereza aina ya Tornado kuwa kombora. Askari wa zamu walikuwa na takriban dakika moja tu ya kuamua. Wakauamini mtambo, wakafyatua, na wanajeshi wawili waliokuwa ndani ya ndege wakafa. Na huo haukuwa hata akili mnemba ya leo, ambayo mara nyingi haiwezi kueleza kwa nini imemshuku mtu.

Septemba 1983, Stanislav Petrov wa jeshi la Kisovieti aliarifiwa na mitambo ya tahadhari kwamba Marekani imerusha makombora matano. Akajiuliza: nani huanza vita vya nyuklia kwa makombora matano? Akaripoti hitilafu, na kweli, setilaiti zilikuwa zimehadaiwa na mwanga wa jua mawinguni.

Petrov alipata nafasi ya kushuku. Anayeletewa na mashine orodha ndefu ya shabaha, kila moja kwa sekunde chache, hana nafasi hiyo, na kumpa jina la msimamizi wa mashine ni kumtwika lawama asiyoiweza.