Usisome Yeremia 29:11 bila mstari wa 10

Nafundisha Agano la Kale, na hakuna ahadi ninayoombwa kuieleza mara nyingi kama hii: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Naipenda mno. Lakini mtu akiniuliza, "Basi mbona bado?", humrudisha nyuma mstari mmoja. Mstari wa 10 umetaja muda: miaka 70 ipite Babeli, ndipo Mungu awarudishe watu wake kwao.

Maneno hayo yalikuwa barua. Mwaka 597 K.K. Nebukadneza alimhamisha mfalme Yekonia pamoja na wakuu na mafundi wa Yerusalemu, akawapeleka Babeli. Yeremia, aliyebaki Yerusalemu, akawaandikia. Hebu mfikirie mtu mwenye umri wa miaka 40 akisomewa barua ile. Mungu anawaahidi watu wake mema, na papo hapo mtu huyu anajua kuwa atazikwa ugenini. Watakaorudi ni watoto na wajukuu. Ahadi ni ya kweli, na bado inauma.

Sura inayotangulia inamleta Hanania, aliyetabiri kwamba yote yatakwisha kwa miaka 2. Nani asingempenda? Hata Yeremia alimjibu, "Amina." Hapo huwa nasimama nikifundisha, kwa kuwa nabii wa kweli naye alitamani iwe mapema. Ila Bwana hakuwa amemtuma Hanania, naye akafa mwaka uleule. Nalisema hili kwa uchungu: wapo waumini waliopewa tarehe na watu waliodai wametumwa, tarehe ikapita, wakamlaumu Mungu kwa neno ambalo hakulisema. Kabla hujauliza ahadi yako itatimia lini, chunguza ni nani aliyeitoa.

Na kungoja kwenyewe? Barua inaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uleule uliowateka. Mungu hakuwaambia waketi juu ya mizigo iliyofungwa kama abiria anayesikiliza honi. Abrahamu naye aliondoka Harani akiwa na miaka 75, akampata Isaka akiwa na 100, na katikati yake kuna visima, mifugo, majirani na makosa pia.

Wengine huuliza: kama Mungu ameshapanga wakati, kuomba kuna kazi gani? Danieli aliisoma hesabu ya Yeremia, akaona miaka 70 inakaribia kwisha, akafunga, akavaa gunia, akaungama dhambi za taifa zima. Ahadi ndiyo iliyompa la kuomba. Koreshi, mfalme wa Uajemi, akatoa ruhusa ya kurudi mwaka 538 K.K., na Ezra 1:1 inasema ilikuwa ili neno la Yeremia litimizwe. Katika mwaka wa 3 wa Koreshi, Danieli bado tunamkuta ugenini. Ukitaka kujua uombe nini wakati unangoja, ningekuanzishia kwenye sala yake: Danieli 9, kuanzia mstari wa 3 hadi wa 19.