Je, wajua bonde la Rufiji limejengwa na mto wenyewe?

Ukivuka daraja la Mkapa pale Rufiji ukielekea kusini utaona ardhi imelala tambarare huku na huku, na wengi wanadhani mto ulikuta uwanja umeshatandikwa ukajipitia zake. Sio kweli. Mto ndo ulioujenga, na mpaka leo unaujenga na kuubomoa.

Maji yake yanatoka mbali. Kilombero na Luwegu zinakutana, alafu Ruaha Mkuu inaongezea ya kule Mbeya na Iringa, na yote yanakuja na udongo wa milimani. Yakishatoka kwenye lile korongo lilipojengwa bwawa la Julius Nyerere yanakuta mteremko umeisha, spidi inashuka, na maji yakikosa spidi lazima yatue mzigo.

Sasa masika mto ukifurika, kinachodondoka kwanza ni mchanga mzito, palepale ukingoni, wakati tope laini linasafiri na maji mpaka mbali kwenye madimbwi ya bondeni na linatulia taratibu. Hiyo ikijirudia miaka na miaka, ukingo unapanda kuliko ardhi iliyo nyuma yake, yani ukiupa mto mgongo ukatembea unashuka badala ya kupanda! Ndo maana maji yakishavuka ukingo hayarudi mtoni kirahisi, yanaweza kukaa huko nyuma wiki kadhaa, na Warufiji wanalijua hilo tangu zamani, wakawa wanatafuta miinuko ya kujenga na shambani wanasimamisha madungu, vibanda juu ya nguzo ndefu.

Pia mto hautulii sehemu moja. Kwenye kona maji ya upande wa nje yana kasi, yanakula ukingo, upande wa ndani yanazubaa na kuacha mchanga, kwaiyo kona inazidi kujipinda mwaka hadi mwaka mpaka siku ya mafuriko makubwa maji yanakata shingo ya kona na kupita njia ya mkato. Kona iliyoachwa inabaki kama ziwa lililopinda. Kiangazi, kaa karibu na ukingo uliomegeka uangalie ule ukuta wa udongo: mstari wa mchanga, juu yake tope jeusi, alafu mchanga tena, kila mstari umeachwa na maji yaliyopita hapo. Shamba la mtu linaweza kumegwa lote ng'ambo hii, na ng'ambo ya pili ikaota ardhi mpya isiyokuwa na mwenyewe (kesi zake sasa, acha tu).

Ila tope hilohilo ndo linalolisha watu. Maji yakipungua wanalima mlau, yani wanapanda mahindi na kunde kwenye udongo uliobaki na unyevu, na mazao yanakua hata mvua zikiwa zimeshaisha. Ukiwaambia wakulima hao mafuriko ni balaa tu watakushangaa, balaa ni yakizidi kama ya 2024, au yasipokuja kabisa.

Kule delta, pale mto unapogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini, ndo mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini, chumvi ikapungua huko, watu wakaanza kukata mikoko na kulima mpunga palipokuwa na maji ya bahari.

Na sasa kuna bwawa, lilianza kujazwa Desemba 2022. Tope jingi linabaki humo, na maji yanayotoka bwawani kwenda chini yakiwa hayana mzigo yanakuwa na nguvu ya kuchimba sakafu na kingo za mto. Mto ukijichimbia chini, unahitaji maji mengi zaidi kuvuka ukingo, na maziwa ya bondeni kama Ruwe na Zumbi, wanakovua perege na kambale, yanategemea maji hayohayo yavuke.