Mshikaji Huyu Si Rafiki: Dhana Potofu Kuhusu Kumkabili Mwanamieleka Kwenye MMA

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, hawaingii majini. Taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawajikusanyi, basi mitumbwi hulala mchangani na vijana huja mazoezini. Ndizo siku ambazo turubai letu hujaa, na ndizo siku ambazo nasikia maneno mengi kuliko ngumi. Safari hii tunamwandaa kijana mmoja, bondia mzuri wa mkono wa kushoto, apigane MMA, mchezo wa kizimbani unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, na mtu aliyetokea kwenye judo. Kila anayepita ana ushauri wake, na ushauri mwingi ukiufuata unakupeleka moja kwa moja kwenye kabali.

Wenyewe tunawaita washikaji, watu wa mieleka, judo na jujitsu. Wale wa kijiweni hukushika mkono wakakuachia. Hawa hawaachii.

"Nitampiga kabla hajanishika"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ina ushahidi wake. Kila kijana hapa ameona kwenye simu Jorge Masvidal akimzimisha mwanamieleka Ben Askren kwa goti la kuruka, Julai 2019, ndani ya sekunde tano. Sawa, inawezekana. Hata kuokota elfu kumi njiani ukienda Ujiji inawezekana, ila hakuna anayeipangia bajeti ya chakula cha nyumbani.

Mshikaji anaisubiri hiyo ngumi nzito kama mgeni aliyealikwa. Ukirusha mkono wa nguvu, uzito wote unahamia mguu wa mbele, kiwiliwili kinainama, kiuno kinabaki wazi. Yeye anashuka chini ya mkono wako, bega lake linakugusa tumboni, mikono yake inakutana nyuma ya magoti yako. Jioni ya kwanza kijana wetu alirusha kushoto kwake kule anakokusifia mwenyewe mara kumi. Mara nane alijikuta chali anautazama mwezi. Mara mbili zilizobaki mwenzake aliteleza.

Tulichobadilisha kwanza ni miguu. Bondia husimama wima, miguu karibu, kwa sababu kwenye ndondi hakuna wa kumshika goti. Hapa unapanua hatua, unakunja magoti, mikono inashuka kidogo. Ngumi za moja moja, jebu, yaani ngumi fupi ya mkono wa mbele, inayorudi haraka, kisha unatoka kwa pembeni. Ukirudi nyuma moja kwa moja unakutana na wavu wa kizimba, na wavu ni rafiki yake. Ngumi ya kutokea chini au goti vitafute anaposhuka, lakini uwe umemdanganya kwanza kwa bega au macho ashuke mapema.

Kuna ugonjwa mwingine wa mabondia ambao hausemwi: tukichoka tunakumbatia. Kwenye ndondi refa anakuja, anawaachanisha, umepata pumzi mbili za bure. Kwenye MMA ukimkumbatia mshikaji umempelekea mzigo hadi mlangoni. Kumtoa kijana wetu tabia hiyo kumetuchukua muda kuliko kitu kingine chochote. Bado usiku akichoka mikono inakwenda yenyewe shingoni mwa mwenzake.

Asiyeamini kwamba ngumi peke yake haitoshi amwangalie Francis Ngannou wa Kameruni, mtu ambaye ngumi yake haina mfano. Januari 2018, kule Boston, Stipe Miocic alimwangusha na kumlalia raundi tano hadi akawa anahema kama injini ya boti iliyoingiwa maji. Walipokutana tena Machi 2021, Miocic aliingia miguuni, Ngannou akatupa miguu nyuma, akamkandamiza kwa nyonga, akazunguka mgongoni. Raundi ya pili akamzimisha. Ngumi ilikuwa ile ile. Na Januari 2022, goti likiwa limeumia, alimshinda Ciryl Gane kwa kumwangusha yeye. Mpiga ngumi akawa mshikaji.

"Ukianguka umekwisha"

Kuanguka utaanguka. Mtu aliyefanya judo miaka kumi atakuangusha hata ukishika mti. Cha kuuliza ni unakaa chini sekunde ngapi, na kila sekunde analipa nini.

Wengi wetu tukipigwa mtama tunafanya moja kati ya mawili: tunalala chali kimya tukisubiri kengele, au tunageuka kifudifudi tusimame kama mtoto anayejifunza kutembea. La kwanza linakupotezea raundi. La pili linampa mgongo wako, na mgongo ukishachukuliwa, roba inafuata.

Kuamka kuna utaratibu, na tunaufanya hadi unachosha. Hulali bapa, unageuka ubavu. Kiwiko cha chini kinakita sakafuni, mkono wa juu unakuwa kama boriti kati ya shingo yako na yake ili kifua chake kisikuziba. Unavuta nyonga nje, kidogo kidogo, kuelekea ukutani. Ukifika, unaketi mgongo ukiwa ukutani. Mkono mmoja unapita chini ya kwapa lake, mwingine unashika kifundo cha mkono wake kwa nguvu, maana hawezi kukuvuta tena kabla mikono yake miwili haijakutana. Hapo vita ni ya vidole na makwapa, haina uzuri wowote, na hakuna atakayeirekodi kwa simu. Kisha goti moja, kisha mguu, kisha uko juu, na unageuka umtazame kabla hujafurahi.

Sisi hatuna wavu wa kizimba. Tuna ukuta wa banda uliofunikwa magunia, na chini turubai juu ya maranda ya fundi seremala, yanayonyunyiziwa maji kila jioni yasitimke. Zoezi linaanzia pale wengine wanapomalizia: mmoja ameshakaliwa, filimbi inalia, ana nusu dakika asimame. Akisimama anarudishwa chini, tena. Na hapa wavuvi ni mali. Mtu anayevuta nyavu tangu utotoni akikushika kifundo cha mkono unahisi kama umefungwa kamba ya nanga. Hajui judo hata kidogo, lakini ukijua kumtoa huyo mkononi, wengi watakaobaki watakuwa wepesi.

Leon Edwards alimwonyesha kila mtu faida ya kuendelea kusimama. Agosti 2022, kule Salt Lake City, Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria na mwanamieleka hasa, alimsukuma, akamshika, akaongoza kwenye kadi za majaji wote watatu. Zikiwa zimebaki sekunde 56 raundi ya tano iishe, Edwards aliinua mkono wa kushoto, Usman akasogeza kichwa kuukwepa, teke la kushoto likamkuta huko huko alikohamia. Watu huita bahati. Mimi naona mtu aliyekuwa bado na miguu chini yake dakika ya 25. Dricus du Plessis wa Afrika Kusini hakuipata nafasi hiyo. Agosti 2025, Chicago, mwanamieleka Khamzat Chimaev alimdhibiti zaidi ya dakika 21 kati ya 25, na mkanda wake wa ubingwa ukaondoka.

"Akiingia miguuni nitamkaba shingo"

Kabali ya mbele inavutia kwa sababu kichwa kinakuja chenyewe. Vijana hukiona wakasahau mengine yote, wanaruka, wanafunga miguu kiunoni mwake, wanabana. Isipokamata, wamejilaza chini kwa hiari yao, tena mikono imekufa ganzi kwa kubana. Dustin Poirier alimbana mwanamieleka Khabib Nurmagomedov hivyo Septemba 2019 huko Abu Dhabi, uwanja mzima ukasimama. Khabib akachomoa kichwa, na raundi ile ile akamkaba Poirier kutokea nyuma. Itumie kama tishio la kumfanya ainue kichwa, upate kusimama. Kuimalizia ni kwa mtu aliyeifanya mara elfu.

Kuhusu nguvu, wale wanaonyanyua mawe ufukweni wasinichukie. Novemba 1993, kwenye shindano la kwanza kabisa la UFC, kampuni kubwa ya MMA, kule Denver, bondia Art Jimmerson aliingia na glavu moja tu. Royce Gracie, mtu mwembamba, alimwangusha na kumkalia. Jimmerson akagonga mkono kusalimu amri hata kabali haijawekwa. Hakuumizwa, ila hakujua pa kuanzia, na kifua kipana hakikumsaidia kujua.

Nasikia pia kwamba mwanamieleka hajui ngumi. Conor McGregor aliangushwa chini na ngumi ya kulia ya Khabib, Oktoba 2018, raundi ya pili. Ukiogopa kushikwa, macho yako yako kiunoni na mikono iko chini. Ngumi yake mbovu inakuwa nzuri ghafla. Na mateke? Rusha, ila la chini, kwenye paja au kifundo cha mguu, baada ya ngumi. La mbavuni analikumbatia.

"Refa atatusimamisha"

Atawasimamisha kama hakuna kinachofanyika. Mshikaji mzoefu anajua hilo, ndiyo maana kila sekunde chache anagonga mbavu au kubadilisha mshiko. Usimtegemee refa. Wala usishike wavu au kaptura yake. Ni kosa, na pointi ikikatwa kwenye pambano la raundi tatu haina pa kurudi.

Upande wa pili, watu hukata tamaa bure wakiangushwa mwishoni mwa raundi. Kanuni za pamoja za MMA zinataka majaji watazame kwanza madhara ya ngumi na mieleka. Nani alishambulia kwa ukali zaidi, kisha nani alimiliki ulingo, huja tu pale hayo yakilingana. Kuangusha bila kufanya kitu ni kidogo. Kwa hiyo ukiwa chini piga pia: kiwiko, ngumi fupi sikioni. Anayeumia ni yule anayekaa kimya, kwa sababu jaji naye anaona ukimya wako.

Na pumzi. Kijana wetu anakimbia Mwanga hadi Ujiji na kurudi bila kutweta, lakini dakika tatu za kubanwa ukutani zilimtapisha. Kukimbia hakukufundishi kupumua mtu mwenye kilo zako akiwa kifuani. Hiyo pumzi inatafutwa huko huko chini, tena si kwa wiki mbili. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza, kukata kucha, kufua turubai kwa sabuni na kumwambia ukweli mwenye choa akae nje mpaka apone, hata kama ndiye mshikaji bora mliye naye.

Sasa mwezi unachelewa kutoka. Wavuvi wameshapakia taa na jenereta, na usiku ziwa linawaka kama mji mwingine. Mazoezini tumebaki watano. Jana kijana wetu alianzia chini mara kumi na mbili, akasimama tisa, na zile tatu alizoshindwa aliomba tuzirudie kabla hatujakunja turubai.